Wapanda Miti Wanaopanda Bodaboda

Kuna swali lisilokoma, na wanaoliuliza si watu wasiojali. Ni walimu wanaofundisha mabadiliko ya tabianchi asubuhi, halafu mchana wanapanda bodaboda kwenda kula nyumbani, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Ni akina mama wa vikundi vya majiko banifu. Ni vijana wa Geita wanaoweza kukueleza madhara ya zebaki hatua kwa hatua, lakini hawajatembea kwa miguu kutoka Nyankumbu hadi mjini tangu walipomaliza shule. Wote wanasema: najua, naamini, miti napanda, mbona kwenye usafiri nashindwa?

Nitajibu kwa vitendo. Habari za joto la dunia mnazijua, sitazirudia. Kama unataka sababu zaidi za kujali, hapa hutazipata. Kama unataka namna ya kufika kazini bila kuchoma petroli kwa safari ya kilomita mbili, endelea.

Kwanza, acha kujilaumu

Mtu wa Shinyanga kuambiwa hajali mazingira ni matusi. Miti ya huku ilifyekwa kwa miongo kadhaa, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupisha mashamba ya pamba, hadi nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha ngitili za wazee, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa yapumzike. Hekta zaidi ya 300,000 zikarudi kuwa vichaka na misitu, na mwaka 2002 Shinyanga ikapata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Sasa jiulize kwa nini ngitili zilishika. Mzee aliyetenga ngitili alipata majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, fito za nyumba, kuni na dawa. Faida aliiona zizini kwake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mifuko ya plastiki: ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hatukuhitaji semina, kwa sababu mfuko mbadala ulikuwa unauzwa sokoni siku hiyo hiyo. Na wanaopanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu ilipoanza mwaka 2024 hawakuhubiriwa hewa ukaa. Walisikia kwamba kwa saa tatu na nusu hivi umefika. Hata Copenhagen, mji unaosifiwa kwa baiskeli kuliko karibu miji yote, wakazi wakiulizwa kwa nini wanaendesha, wengi hujibu kwamba ni haraka na ni rahisi. Wanaotaja mazingira ni wachache.

Kwa hiyo swali la kujiuliza asubuhi ni hili: nikifungua mlango, kipi kiko karibu? Bodaboda yuko kijiweni hatua hamsini, injini inanguruma, anakujua jina. Baiskeli iko stoo nyuma ya magunia, ina pancha tangu Pasaka. Hapo imani yako haina nafasi ya kushinda. Kazi yetu ni kubadilisha mpangilio huo.

Andika safari zako za wiki moja

Usinunue chochote bado. Chukua daftari, au simu, na kwa wiki moja andika kila safari: umetoka wapi, umeenda wapi, kwa chombo gani, umelipa kiasi gani, na ulikuwa na mzigo au haraka. Usibadilishe tabia wiki hiyo. Wengi huanza kujionyesha wema mbele ya daftari lao wenyewe, halafu hesabu inakosa maana.

Mwisho wa wiki, weka alama kwenye safari zenye sifa hizi:

- haizidi kilomita tatu;
- inajirudia, mara tatu au zaidi kwa wiki;
- huna mzigo mzito wala mgonjwa;
- ukichelewa dakika kumi, hakuna kinachoharibika.

Kisha piga hesabu ya pesa. Tuseme unalipa buku kwenda na buku kurudi, siku 24 za kazi kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 48,000 kwa mwezi, 576,000 kwa mwaka, kwa safari moja tu. Wenye pikipiki yao wenyewe wasijidanganye kwamba wao husafiri bure: mamlaka ya kudhibiti nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa kila mji, tafuta ya kwako, zidisha kwa lita unazotumia, ongeza oili, tairi na fundi.

Na hewa ukaa? Pikipiki ya bodaboda hutumia lita mbili hadi tatu kwa kilomita 100, na lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dayoksidi. Safari ya kilomita mbili kwenda na kurudi kila siku ya kazi ni kama kilo tano au sita kwa mwezi. Zaidi kidogo ukihesabu bodaboda anaporudi kijiweni mtupu. Si nyingi. Nakuambia mapema ili usije ukabeba dunia nzima mabegani kwa safari ya kwenda sokoni. Pesa, afya na vumbi la mtaani kwako ndivyo utakavyoviona kwanza.

Chagua safari moja tu

Kosa kubwa kuliko yote ni kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu hupandi bodaboda tena. Jumatano utakuwa na gunia la mchele na mtoto mwenye homa, utapanda, na Alhamisi utaona umeshindwa yote. Chagua safari moja kati ya ulizoweka alama. Nyingine ziache zilivyo.

Wakati mwingine dawa ni kuifuta safari yenyewe. Yule mwalimu anayekwenda kula nyumbani saa saba, jua la utosi, hahitaji baiskeli. Anahitaji chombo cha kubebea chakula. Kulipia umeme, maji, ada au kodi siku hizi ni kwenye simu. Wakazi wa Shinyanga na Kahama wanakumbuka baiskeli zilizopangwa madumu zikisaka maji kila alfajiri, kabla ya mradi wa maji ya Ziwa Victoria kuzinduliwa mwaka 2009. Ziwa lilipofika bombani, safari zile nyingi ziliisha zenyewe. Angalia daftari lako upya ukiwa na jicho hilo, utakuta safari mbili tatu ambazo hazina kazi.

Kwa zinazobaki, kipimo changu ni rahisi. Chini ya kilomita moja, tembea. Ni dakika 12 hadi 15. Kilomita moja hadi tano, baiskeli: tano ni kama dakika 20 kwa mwendo wa kawaida, na mjini mara nyingi hutazidiwa sana na bodaboda ukihesabu kumsubiri na kupatana bei. Zaidi ya hapo, haisi au bajaji ya kuchangia.

Mwezi wa kuanza una maana

Anza Juni au Julai. Kumepoa, mvua hakuna, barabara ni ngumu, hata kama vumbi lipo. Anayeanza Oktoba hukutana na joto la mwisho wa kiangazi, na anayeanza Desemba hukutana na tope. Wote wawili husema baiskeli haifai, wakati kilichowashinda ni kalenda. Ukishazoea miezi mitatu minne ya ukavu, mvua ikija utakuwa unajua ni siku gani ya kuendesha na ni siku gani ya kukubali kushindwa.

Vizuizi vya huku kwetu, na tiba zake

Hapa ndipo vitabu vya ushauri vya miji mingine havitufai. Vizuizi vyetu vina majina yetu.

*Jua.* Toka kabla ya saa mbili asubuhi, rudi baada ya saa kumi na moja jioni. Kati ya hapo usijitese. Beba maji, vaa kofia pana au kitambaa, na weka shati la kazini kwenye mfuko ulivae ukifika. Fika dakika kumi mapema, kaa kivulini jasho likauke, jipanguse kwa kitambaa cha maji. Watu hukimbia moja kwa moja kuingia kikaoni, kisha wanalaumu baiskeli kwa harufu.

*Vumbi.* Tafuta njia ya pili, ya ndani ya mitaa, hata kama ni ndefu kwa nusu kilomita. Njia uliyoizoea ni njia ya bodaboda, na bodaboda alichagua njia ya kumfaa yeye. Ipite kwanza Jumapili, taratibu. Onyo kwa waliowahi kufanya kazi duarani, yaani kwenye mashimo ya uchimbaji, au kwenye makarasha ya kusagia mawe: vumbi la mawe huharibu mapafu kimyakimya, na kifua kikuu kimewapata wachimbaji wengi. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au unaishiwa pumzi upesi, nenda kapime kwanza. Baiskeli itakusubiri.

*Mbigili na miba ya migunga.* Hiki ndicho kinachokatisha tamaa watu wengi kimyakimya. Pancha mbili katika wiki ya kwanza, na baiskeli inarudi stoo. Mafundi wa huku wana dawa ya zamani: kata tyubu kuukuu, itandike ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, lakini miba mingi itaishia njiani. Jifunze pia kuziba pancha mwenyewe. Mchana mmoja kwa fundi unatosha. Beba kila siku:

- pampu;
- viraka na solusheni;
- kipande cha msasa;
- vijiko viwili vya kung'olea tairi.

*Tope la mbuga.* Wenye njia inayopita kwenye udongo mweusi wanajua. Ukinyeshewa, unang'ang'ania gurudumu, unajaa kwenye madigadi, hadi baiskeli inagoma kuzunguka na unaibeba wewe badala ya yenyewe kukubeba. Vua madigadi msimu wa mvua na beba kijiti cha kukwangulia. Mvua ikinyesha usiku kucha, siku hiyo acha baiskeli nyumbani bila maelezo kwa mtu yeyote.

*Vilima.* Shinyanga na Kahama ni tambarare, hamna cha kulalamika. Geita ni habari nyingine. Huko tafuta baiskeli yenye gia, au kubali kushuka na kuisukuma penye mlima. Kusukuma dakika nne si aibu. Na kabla ya kufurahia mteremko, hakikisha breki zote mbili zinashika.

*Malori.* Kahama iko kwenye barabara kuu inayopeleka mizigo Rusumo na kuvuka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Malori yale hayakuoni. Haya hayana mjadala:

- Endesha kushoto, upande wa magari yanakoelekea. Wengi hupita kulia ili "waone kinachokuja", na ndiko wanakogongwa kwenye makutano. Kulia ni kwa mtembea kwa miguu.
- Usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa kushoto linapopunguza mwendo penye njia panda. Likikata kushoto, dereva hana namna ya kukuona.
- Usidandie nyuma ya lori, hata kama mlima ni mrefu.
- Ukingo wa lami ukiwa umekatika, usiukaribie. Shika njia kwa kujiamini, nusu mita ndani, na ukisikia lori nyuma, toka mapema ukiwa bado na uchaguzi.
- Giza likiingia: taa nyeupe mbele, rifleta au taa nyekundu nyuma. Tochi ya kichwani, ile ile ya wachimbaji, inafaa kwa mbele.

Kama safari yako haina njia ila barabara hiyo kuu, safari hiyo si ya baiskeli. Chagua nyingine. Sitaki mtu afe kwa ajili ya ushauri wangu.

Aibu, ambayo watu hawaitaji

Wasomaji huniandikia habari za jua na umbali. Ukikaa nao muda mrefu zaidi, jambo lenyewe hutoka: mtu mwenye ajira akionekana juu ya baiskeli, watu watasema amefilisika. Baiskeli ni ya muuza mkaa.

Inachekesha kidogo, maana Usukumani baiskeli ilikuwa fahari. Pesa ya pamba ilinunua ng'ombe, bati na baiskeli, na kijana aliyeipamba ya kwake kwa vioo na maua hakupita kijijini bila kutazamwa. Shinyanga mpaka leo baiskeli za abiria tunaziita daladala, jina ambalo miji mingine imeyapa mabasi. Pikipiki ndizo zilizokuja juzi; kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria ni za mwaka 2010.

Lakini historia haimsaidii mtu anayepita mbele ya wenzake wa ofisini. Kinachosaidia ni haya:

1. Anzeni wawili. Mmoja ni mtu aliyefilisika, wawili ni watu wenye mpango wao.
2. Baiskeli iwe safi, inang'aa, ina kengele. Chombo kichafu ndicho kinachosema umaskini.
3. Usitoe hotuba za mazingira. Ukiulizwa, sema unakusanya pesa ya kitu fulani. Huku kwetu hilo linaheshimiwa na linamaliza maneno.
4. Pesa ya nauli uliyookoa itoe kweli, kila Ijumaa, uiweke kwenye akiba ya simu au kwenye kikoba. Isipoondolewa mfukoni itapotea, na utashangaa faida iko wapi.

Ukienda kununua

Usianze na baiskeli mpya ya bei kubwa. Azima kwa wiki mbili, kwa shemeji, kwa jirani, na umrudishie ikiwa imefanyiwa usafi. Ukiamua kununua, angalia haya:

Baiskeli ya mtumba kutoka ng'ambo inapendeza macho, lakini muulize kwanza fundi wa mtaani kwako kama tyubu na tairi ya saizi hiyo inapatikana. Phoenix ya inchi 28 ni nzito na haina gia, lakini kipuri chake kipo hata kwenye gulio. Huo ndio uzuri wake, na kwangu unashinda gia saba zisizo na fundi.

Inua gurudumu la nyuma ulizungushe: lisicheze huku na huko. Shika pedeli uzitikise. Zikilegea, gololi zimekwisha. Tazama fremu karibu na usukani kama kuna alama ya kuchomelea, ukiona, iache. Omba risiti au hati ya mauziano yenye namba ya fremu, maana baiskeli za wizi zipo, na mwenye mali akikukuta nayo utaeleza polisi.

Urefu wa siti: ukikaa, pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limejikunja kidogo tu. Watu wengi huendesha siti ikiwa chini mno, magoti yanauma, wanasema ni uzee.

Maswali ninayoyajua kabla hayajaulizwa

*Mimi ni mama, navaa gauni. Nitaendeshaje?* Baiskeli yenye fremu ya kuinama, isiyo na bomba la juu, ipo sokoni. Fundi akuwekee kifuniko cha mnyororo na neti ya gurudumu la nyuma ili kanga isinaswe. Anza mtaani kwako jioni, na kama mtaa una macho mengi, anza na mwenzio. Na kama hutaki kabisa, panda daladala ya baiskeli. Kijana anayekubeba kwa jero hachomi petroli, na kazi hiyo inamlisha. Kaa vizuri, shika siti, na mwambie apunguze mwendo kwenye matuta. Ni haki yako.

*Migodi mikubwa inachoma dizeli usiku na mchana. Mimi nikiacha bodaboda kuna nini?* Kwa hewa ya dunia, kidogo sana. Nimekuonyesha hesabu. Mwenye kukuambia kwamba safari yako ya sokoni itaokoa barafu ya Kilimanjaro anakudanganya, na nadhani uongo huo ndio unaowafanya watu wakate tamaa mapema. Fanya kwa ajili ya 48,000 zako, shinikizo lako la damu, na mtaa ambao watoto wanacheza barabarani. Kuhusu mgodi, kuna mikutano ya halmashauri na ya kijiji. Nenda huko useme. Kutembea kwa miguu hakukuzuii kuuliza maswali.

*Nikiacha bodaboda, vijana watakula nini?* Swali zuri, na walio wengi kijiweni ni ndugu zetu. Safari moja uliyoacha haimfukuzi mtu kazini. Utaendelea kumhitaji kwa mzigo, kwa usiku, kwa mgonjwa. Mchague mmoja mwaminifu umpe safari hizo zote.

*Napanda miti kila mwaka, haitoshi?* Endelea, na uimwagilie, maana ya wengi hukauka Agosti baada ya picha kupigwa. Lakini mti na nauli ni hesabu mbili tofauti. Mti wako hauoni ulivyofika kazini.

*Vipi pikipiki ya umeme?* Moshi haitoi, na sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini usiwe wa kwanza mtaani kwako kwa pesa ya mkopo. Uliza mambo matatu: betri ikifa nani anaibadilisha na kwa bei gani, fundi wa karibu yuko mji gani, na kwa mzigo wako wa kawaida, inafika kilomita ngapi kabla ya kuchaji. Muuzaji akijibu mawili tu kati ya hayo, subiri.

Siku ambazo lazima upande

Zitakuwepo, tena nyingi. Kuzitumia vizuri nako ni sehemu ya jambo hili.

Unganisha safari: soko, duka la dawa na fundi cherehani kwa mzunguko mmoja. Bajaji yenye abiria watatu inagawa lita ile ile kwa watatu, kwa hiyo subiri ijae kama huna haraka. Bodaboda akikusubiri nje ya duka, mwombe azime injini. Vaa kofia ngumu, hata kama inanuka. Beba kitambaa cha kufunika kichwa kwanza. Mishikaki kataa: watu watatu juu ya pikipiki moja wanaokoa petroli, na wakianguka wanaanguka wote.

Michomoko, yaani magari madogo ya abiria, nayo ina wapenzi wengi, hasa kati ya miji, kwa sababu haingoji muda mrefu kama basi. Tatizo ni kwamba hujaa kupita kiasi: wanne nyuma, wawili siti ya mbele, na mwendo kasi wa dereva anayefukuzia riziki. Ukiweza kungoja basi au haisi, ngoja. Kwa Dar es Salaam au Tabora, ulizia ratiba ya treni kituoni Shinyanga; reli imepita hapa tangu miaka ya 1920, na reli mpya ya Mwanza hadi Isaka inajengwa. Treni ya sasa si ya haraka. Kwa mwenye mizigo na asiyekimbizana na saa, inafaa.

Mambo usiyoweza kuyafanya peke yako

Kuna vizuizi ambavyo daftari na pampu havitatui. Baiskeli inaibiwa kwa sababu kazini hakuna pa kuifungia. Kalavati limebebwa na maji, kila mtu anazunguka barabara kuu. Hapo nenda kwa wenye kazi hiyo.

Kwa mwajiri, usiombe "mazingira rafiki". Omba vitu vinne: bomba la kufungia baiskeli mahali mlinzi anapoona, kivuli cha bati, ndoo ya maji yenye koki, na ndoano ya kutundikia nguo. Gharama yake si kubwa, na meneja anaweza kuiidhinisha bila kuita kikao. Waliopo kwenye migodi yenye mabasi ya wafanyakazi waombe kituo cha basi kisogezwe karibu na makazi, ili watu waache pikipiki za kuwafikisha kituoni.

Kwa barabara, jua mwenyewe ni nani. Barabara kuu ni ya TANROADS. Za mitaa ni za TARURA. Barua iliyoandikwa "tunaomba njia za baiskeli mji mzima" itakaa kwenye faili. Iandike hivi: taja mtaa, taja kalavati, eleza upana wa sehemu iliyokatika kwa mita, ni wanafunzi na wafanyabiashara wa shule na soko gani wanaopita hapo, na mvua ikinyesha wanazungukia wapi. Weka picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya masika. Mwenyekiti wa mtaa aigonge muhuri, nakala impate diwani kabla ya baraza la bajeti, na wewe ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe. Baada ya mwezi mmoja nenda ukaiulizie, na ufike kwa baiskeli, kwa sababu watakuuliza ni nani hasa anayepita hapo.